Ndege wa maziwa ya Momella: anza na maji

Swali la kwanza la mgeni wa Momella ni "flamingo wako wapi?" Akionyeshwa mstari wa waridi ng'ambo ya maji, anapiga picha tatu, anapandisha kioo cha gari na safari inaendelea kutafuta twiga. Akiambiwa leo hawapo, anaona kiingilio chake kimepotea bure. Tatizo ni pale alipoanzia. Momella huanzwa na maji. Ukishajua kusoma maji ya kila ziwa, hata kabla hujainua darubini utakuwa unajua ndege gani wa kumtarajia, yupi akionekana ni habari kubwa, na kwa nini heroe (ndilo jina letu la flamingo) wameshinda ziwa hili leo ilhali jana walikuwa kule.

Maziwa yenyewe ni madogo. Baadhi ukiyaita mabwawa hujakosea. Yako upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, huku Mlima Meru ukiwa magharibi na Kilimanjaro kwa mbali mashariki. Utayasikia yakitajwa kwa majina: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare, na Longil. Ukisimama ukingoni ukautazama Meru asubuhi kabla mawingu hayajapanda, utauona kama bakuli lililomeguka upande wako, na ndani ya bakuli kuna kilima cha majivu meusi. Upande ule unaokosekana ndio umeukanyaga. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, tope na mawe vikashuka kuelekea Kilimanjaro, vikatua ovyo ovyo. Pale palipolundikana ndipo vilima unavyoviona leo, na pale palipobonyea ndipo maji yalipojikusanya.

Asili hiyo ndiyo inayotawala ndege hadi leo. Maji huingia kwenye mabonde haya kwa sehemu kubwa kupitia chini ya ardhi, yakichuja miamba ya volkano na kubeba chumvi zake, kisha jua linayapunguza huku chumvi ikibaki. Matokeo yake ni maji ya magadi. Wenyeji wa miteremko ya Meru wanayajua maji ya mlima huu kwa alama nyingine: meno ya kahawia, kwa sababu ya floridi nyingi iliyomo kwenye chemchemi na visima vingi vya eneo hili. Kwenye maziwa ya magadi ya Momella floridi hiyo imejilimbikiza zaidi. Kwa hiyo usinywe, usioshee kamera, na usishangae kuona wanyama wengi wakipita kando ya maji bila kuinama kunywa.

Kiasi cha chumvi si sawa kwa kila ziwa, ndiyo maana mwani unaoota humo hutofautiana, na rangi nazo hutofautiana. Ukifika, zima gari na utazame vitu vitatu. Kwanza rangi: kijani kizito kama supu ya mchicha ni dalili ya mwani mdogo sana aina ya Arthrospira, ule unaouzwa mjini kwa jina la spirulina, na huo ndio chakula cha heroe mdogo. Pili ukingo: weupe wa magadi uliokauka juu ya tope, povu lililosukumwa na upepo, au wingu la nzi wadogo vinakuambia chumvi ni nyingi na vitwitwi, ndege wadogo wanaodonoa ukingoni, watakuwa na kazi. Ukiona matete na mafunjo mabichi yameota hadi ndani ya maji, jua hapo maji ni laini zaidi, na sile-maji (ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea), bata wenye aibu na ndege wa vichakani vya maji wanaweza kuwemo. Tatu kina: mahali heroe wanasimama maji yakiwafika nusu ya mguu ni pafupi, mahali wanaogelea kama bata ni kirefu, na hapo bata wanaozamia wana nafasi.

Anayetaka kuona tofauti ya maji kwa siku moja apite Ziwa Duluti, pale Tengeru. Nalo limetokana na volkano, lakini maji yake ni baridi yasiyo na magadi, yana samaki, na msitu umelizunguka. Hapo utakutana na mnandi anayekausha mabawa, mdiria mwenye madoa meusi na meupe akining'inia hewani kabla ya kujitupa, na furukombe kwenye mti mkavu. Mwendo ni wa saa moja tu kwa gari, lakini orodha ya ndege ni nyingine kabisa, na sababu yake ni maji.

Saa, jua na upepo

Nenda mapema. Sisemi hivyo kwa desturi tu ya watazama ndege. Momella ina sababu zake. Asubuhi maji yametulia kama kioo, na kichwa cha bata kilichoibuka mita 300 kutoka ulipo kinaonekana. Kuanzia kama saa 4 upepo huanza, mawimbi madogo yanaficha ndege wadogo, na joto linalopanda kutoka ardhini linaifanya picha ndani ya darubini icheze kama unatazama kupitia moto wa jiko. Ukifika hapo, darubini ya gharama yoyote haitakusaidia. Ongeza ukaribu au badilisha kazi, uende msituni Ngurdoto ukatafute ndege wa miti.

Jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi chagua vituo vilivyo ukingo wa mashariki, ukitazama magharibi na Meru mbele yako. Jioni geuza, simama magharibi utazame upande wa Kilimanjaro. Ukikosea hili, ndege wote watakuwa vivuli vyeusi, na kati ya bata, kivuli cheusi ni karibu sawa na kutoona kitu. Kumbuka pia kwamba tuko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini kwako, Desemba liko kusini. Kituo kilichokufaa likizo ya Juni kinaweza kukuchoma macho wakati wa Krismasi.

Kuhusu miezi: ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huanza kuingia Septemba na Oktoba, na wengi wameondoka ifikapo mwisho wa Aprili. Kwa hiyo Novemba hadi Machi ndiyo yenye aina nyingi zaidi. Masika yakinyesha sana mambo mawili hutokea. Barabara za udongo wa volkano huteleza, na maji mapya hupunguza ukali wa magadi. Mwani wa kijani ukipungua, heroe huondoka, mara nyingi usiku, kwenda maziwa mengine ya Bonde la Ufa kama Natron au Manyara. Hawajafukuzwa na mtu. Chakula kimekwisha. Wakati wa kiangazi maji yanapojivuta, tope linaachwa wazi na ukingo unakuwa meza ya kitwitwi na msese.

Darubini na kifuko cha maharage

Kwa maziwa haya darubini ya 8x42 inatosha na inazidi ile ya 10x42 mikononi mwa anayeanza. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kukuza mara 10 kunakuza pia mtetemo wa mikono, na baada ya dakika kumi za kutafuta kibisi anayezamia na kuibuka, mikono itakuwa inatetemeka. Kama mna uwezo wa darubini ndefu ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, ya kukuza mara 20 hadi 60, ileteni. Momella Kubwa inaihitaji. Lakini itumieni kwa mara 20 au 25 kwanza kumtafuta ndege, ndipo mkuze. Anayeanza na 60 huishia kutazama maji matupu.

Wengi wananunua darubini nzuri kisha hawaiweki sawa na macho yao, halafu wanailaumu. Hatua ni hizi. Kunja mirija miwili hadi uone duara moja, si mawili yaliyopishana. Chagua kitu chenye maandishi au mistari mikali mita 30 hivi mbele, mfano kibao cha jina la ziwa. Ziba kioo cha kulia kwa kiganja, na kwa jicho la kushoto zungusha gurudumu la katikati hadi maandishi yakae wazi. Sasa ziba cha kushoto, usiguse tena gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo kwenye mrija wa kulia hadi nalo jicho la kulia lione wazi. Kumbuka alama ya pete ilipoishia. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati pekee. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira vya machoni; asiye na miwani avipandishe. Ukiona kiza kinaingia pembeni mwa picha, tatizo karibu daima ni vikombe hivyo au umbali wa mirija.

Vumbi la Meru ni majivu ya volkano, yaani chembe ndogo za mwamba. Usifute kioo kwa fulana. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu pitisha brashi laini, na kitambaa ndicho cha mwisho. Asubuhi Momella ni baridi, ziwa liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Darubini iliyopoa nje ikiingizwa ndani ya gari lenye joto inaweza kupata ukungu. Shusha kioo cha gari mapema ili hewa ya ndani ilingane na ya nje, usiipulizie darubini pumzi.

Sehemu kubwa ya kutazama hufanyika ndani ya gari, na hapa kifaa kinachosaidia kuliko vyote kinashonwa na fundi wa mtaani kwa dakika ishirini. Chukua kitambaa kigumu, turubai jembamba au jinzi kuukuu, kata vipande viwili vya sentimita 30 kwa 20, shona pande tatu mara mbili, upande wa nne weka zipu. Jaza maharage makavu, ukiacha kama theluthi moja tupu. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanakijaza hadi kikaze, kinakuwa mto wa duara unaobiringika dirishani. Kinatakiwa kulegea kiasi cha kukaa kwenye ukingo wa kioo kilichoshushwa nusu, huku na huku, na kuibana darubini au lenzi kama kiganja. Mchele nao unafaa. Zipu inakuruhusu kusafiri na mfuko mtupu na kununua maharage Usa River, kisha jioni yanaingia sufuriani. Kumbuka kuzima injini; gari linalonguruma hutetemesha kila kitu, na ukimwomba dereva mapema hatakasirika.

Bata, ndio shule ya Momella

Kwa maoni yangu heroe ni mapambo na bata ndio elimu. Kwa Kiswahili cha kila siku wote ni "bata maji", na neno hilo moja linafunika zaidi ya aina kumi. Ndiyo sababu natumia majina ya kisayansi hapa, ili wewe na mimi tujue tunamzungumzia nani.

Anza kwa kuuliza: anazamia mwili mzima au anainamisha kichwa tu? Wanaozamia hukaa chini majini, mgongo karibu ulingane na maji. Wanaoinamisha kichwa hukaa juu kama mashua tupu, mkia umeinuka.

Kati ya wanaozamia, anayewaleta watazama ndege Momella kutoka mbali ni Oxyura maccoa. Dume akiwa kwenye msimu wa kuzaa hawezi kusahaulika: mwili wa rangi ya kahawia nyekundu kama chungu kipya, kichwa cheusi, na mdomo wa buluu ya wazi. Mkia wake ni mgumu kama brashi, mara nyingine ameusimamisha, mara nyingine ameulaza juu ya maji. Jina la bata huyu limo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini, kwa hiyo kila mmoja unayemhesabu ana uzito. Tatizo ni jike, na dume aliyetoka kwenye msimu. Wote wawili ni wa kahawia iliyofifia, na mara nyingi hupewa jina la jike wa Netta erythrophthalma, bata mwingine anayezamia hapo hapo. Tazama uso. Jike wa Oxyura maccoa ana mistari ya mlalo: kofia nyeusi, mstari mweupe chini ya jicho, mstari mweusi, kisha weupe tena kidevuni. Jike wa Netta ana baka jeupe mwanzoni mwa mdomo na upinde mweupe unaoshuka kutoka nyuma ya jicho kama mwezi mwandamo. Moja ni mistari ya kulala, nyingine ni mwezi wa kusimama. Na Netta akiruka, bawa lina mstari mweupe mrefu. Oxyura bawa lake ni la rangi moja, na kuruka kwenyewe anakuchelea, heri azame.

Kibisi mdogo, Tachybaptus ruficollis, ni mwingi Momella na ndiye anayewapotosha wanaoanza wakidhani ni vifaranga vya bata. Ni mdogo kama ngumi mbili, kitako kimejaa manyoya laini, shingo nyekundu ya kutu, na kwenye pembe ya mdomo ana doa la manjano hafifu linalong'aa hata ukiwa mbali. Sauti yake ni mtiririko wa haraka kama mtu anacheka kwa pua. Akizama, usimsubiri palepale. Ataibuka mita kadhaa kando.

Kati ya wasiozamia, Anas capensis ndiye bata wa magadi hasa. Ni wa kijivu hafifu, kichwa hakina kofia, mdomo wa waridi umejikunja kidogo kwenda juu. Ukimkuta wengi, maji hayo ni ya chumvi. Anas erythrorhyncha naye ana mdomo mwekundu, na kosa la kawaida ni kuwachanganya hawa wawili. Angalia kofia: erythrorhyncha ana kofia nyeusi na shavu jeupe, mpaka wake umekatwa kwa kisu. Kuna mdogo zaidi mwenye kofia hiyohiyo, Spatula hottentota, ila mdomo wake ni wa buluu. Kwa hiyo kofia na rangi ya mdomo vinatosha kuwatenganisha watatu. Bata bukini wa Misri, mkubwa, mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho, hahitaji maelezo. Kelele zake zitamtangaza.

Wahamiaji ni mtihani mwingine. Madume wanaofika Oktoba kutoka kaskazini bado wamevaa manyoya ya mapumziko, wanafanana na majike, na picha za vitabuni zenye madume wanaong'aa hazitakufaa. Kwa Spatula clypeata tazama mdomo tu, mpana mbele kama mwiko. Kwa Spatula querquedula tazama uso wenye mistari, na umtofautishe na Oxyura kwa mkao: querquedula yuko juu ya maji, hazamii.

Kukuziwa mweusi mwenye mdomo na paji jeupe ni Fulica cristata. Katika msimu wa kuzaa huwa na vifundo viwili vyekundu juu ya paji, na ukivikosa usiseme ni aina nyingine. Nje ya msimu hujikunja hata visionekane.

Heroe wawili

Mdogo na mkubwa huchanganyika kundi moja. Urefu unadanganya kwa sababu mmoja anaweza kusimama kwenye shimo. Tazama mdomo: wa heroe mdogo, Phoeniconaias minor, ni mwekundu wa giza unaoonekana mweusi wote kwa mbali; wa heroe mkubwa ni wa waridi na ncha pekee ndiyo nyeusi. Kisha tazama wanavyokula. Mdogo hupitisha mdomo juu juu, akiupunga kushoto na kulia, kwa kuwa mwani anaoutaka uko sentimita chache za juu. Mkubwa huzamisha kichwa kizima na kukanyagakanyaga tope kwa miguu ili aibue wadudu na viumbe vidogo. Ndiyo maana mdogo anaweza kula hata akiogelea kwenye kina, na mkubwa hubaki pale anapofikia chini.

Wale wa kijivu katikati ya kundi si wagonjwa, ni vijana. Waridi huja na umri na chakula. Hawakuzaliwa hapa, kwa Afrika Mashariki heroe wadogo huzaliana Ziwa Natron karibu wote, na hilo linaeleza kwa nini jambo lolote linaloharibu Natron lingeonekana Momella kwa kutokuwepo.

Furukombe anaonekana pia kwenye maziwa haya, na watu huuliza anakula nini mahali pasipo samaki wengi. Anakula ndege. Ukiona kukuziwa wote wamejikusanya ghafla kama blanketi moja na kurusha maji kwa miguu, inua macho juu kabla ya kufanya lingine.

Kwenye tope la ukingoni nitapita haraka, kwa sababu vitwitwi ni somo la makala nzima. Msese wa miguu mirefu ya waridi ni rahisi. Msese mwenzake mwenye mdomo uliopinda juu naye ni rahisi. Wengine, andika mambo manne: urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, rangi ya miguu, kama mkia unatikiswa, na rangi ya kiuno akiruka. Kwa mambo hayo manne utamjua nyumbani.

Kuhesabu bila kujidanganya

Orodha ya majina ni nusu ya kazi. Idadi ndiyo inayoeleza kama mahali panaendelea vizuri. Gawa ziwa kwa alama zisizohama: mti mkavu, jiwe, kona ya matete. Anza upande mmoja, usirudi nyuma. Kwa kundi kubwa hesabu kumi mmoja mmoja, uone kumi hao wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, halafu uhamishe nafasi hiyo kama rula: kumi, ishirini, thelathini. Wakizidi elfu, jenga rula ya mia. Rula ya mia iliyojengwa katikati ya kundi, walipobanana, itakupa idadi kubwa mno ukiitumia pembeni walipoachana. Kwa hiyo ijenge upya msongamano ukibadilika.

Wanaozamia huhesabiwa pungufu kila mara, kwa kuwa wakati wowote baadhi wako chini. Hesabu mara tatu kwa kuachana dakika mbili mbili, na uandike idadi kubwa kuliko zote, si wastani. Mkiwa wawili, mmoja atazame na kutaja, mwingine aandike. Anayeinua na kushusha darubini ili aandike hupoteza kundi. Ndege wakiruka kutoka ghuba moja kwenda nyingine mnayoelekea, andika idadi na mwelekeo wao, ili msiwahesabu tena huko.

Daftari liwe na tarehe, jina la ziwa, muda wa kuanza na kumaliza, upepo, na kimo cha maji. Kimo hakihitaji kijiti: chagua jiwe moja na uandike "jiwe la kona limezama nusu". Baada ya mwaka mstari huo utaeleza mabadiliko ya ndege kuliko kumbukumbu yako.

Na saa. Hapa makosa yetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni ya pekee. Daftarini unaandika saa 1:10 asubuhi, jioni unaingiza kwenye eBird (tovuti ya kimataifa ya kurekodi ndege) 01:10, na tayari umeripoti bata aliyeonekana usiku wa manane. Chagua mtindo mmoja na uandike juu ya kila ukurasa. Ukiandika kwa saa zetu, ongeza 6 unapoingiza saa za asubuhi na mchana, kuanzia saa 1. Saa 1:10 inakuwa 07:10, saa 10 jioni inakuwa 16:00. Kosa hili haligunduliki kirahisi, kwani saa 2 hadi saa 5 asubuhi zikiandikwa ovyo bado zinakuwa saa halali za alfajiri.

Umbali

Hifadhini hushuki garini popote unapotaka. Shuka kwenye vituo vilivyoruhusiwa, na ukitaka kutembea kando ya maziwa, omba askari wa hifadhi mwenye silaha getini kabla ya kuingia. Nyati hulala kwenye vichaka na matete yaleyale unayoyachunguza, na kiboko aliye nchi kavu asubuhi anarudi majini kwa njia yake. Usisimame kati yake na maji. Momella Ndogo kuna safari za mtumbwi pia. Ukiwa ndani ya mtumbwi, mwombe anayekuongoza asielekee kundi moja kwa moja, apite kwa upande, kwani ndege huvumilia kinachopita kuliko kinachokuja.

Heroe hukuambia mapema kwamba umekaribia mno. Mstari wa mbele huacha kula, shingo zinanyooka, kisha wanaanza kutembea wote upande mmoja. Shingo zikinyooka, simama hapo hapo. Wakianza kutembea, rudi nyuma. Kundi likiruka limepoteza dakika nyingi za kula, na wewe umepoteza hesabu. Usipige makofi ili upate picha ya mabawa, na usicheze sauti za ndege kwa simu. Droni haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu.

Kila Januari hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini inayoratibiwa na Wetlands International, na maziwa ya Afrika Mashariki ni sehemu yake. Takwimu za Momella za mwezi huo hulinganishwa na za miezi mingine pale tu zinapokuwepo, na hapo ndipo mtembezi wa kawaida ana mchango. Chagua kituo kimoja, tuseme ukingo mmoja wa Rishateni, ukihesabu kwa nusu saa ileile ya asubuhi, upande uleule, kwa darubini ileile, kila unapopata nafasi ya kuja. Peleka takwimu eBird au kwenye Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani za ndege wa Tanzania. Ukikuta sifuri ya Oxyura maccoa, andika sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama ulimtafuta ukamkosa au hukumtafuta kabisa.